Marahaba ya Kwenye Mkeka

Katika nchi yetu ya Taratibu, askari wa barabarani hamfokei mtu. Nalisema hili mapema ili msomaji wa nchi nyingine, ambako huenda watu bado wanafokewa, ajue kwamba anasoma habari za watu waliostaarabika.

Zamani na sisi tulifokewa. Askari alikuwa akikusimamisha anakuuliza kama macho umeyaacha nyumbani, na dereva naye anamuuliza askari kama shuleni alikwenda kusoma au kuuza karanga. Hapo watu wanakusanyika, kila mtu ana upande wake, na mwisho hakuna anayekumbuka gari lilisimamishwa kwa nini. Mambo yalikwenda hivyo mpaka siku Bibi Mashavu alipopita taa nyekundu.

Bibi Mashavu ni mama mkwe wa Mheshimiwa Tindwa, Waziri wetu wa Barabara na Lugha Njema. Wakati huo wizara ilikuwa ya Barabara tu. Hiyo Lugha Njema iliongezwa baadaye, na sababu ndiyo hii ninayoieleza. Askari kijana alimsimamisha bibi akamwambia, "Wewe bibi, taa hukuiona?"

Bibi hakubisha habari ya taa. Taa aliiona, tena alisema rangi yake ilimpendeza. Alichokataa ni hiyo "wewe".

"Wewe ni nani? Wewe ni mbuzi? Nina wajukuu kumi na tisa, leo naambiwa 'wewe' njiani, na mtoto ambaye ndevu zake bado hazijajua zitokee wapi?"

Jioni ile alikwenda kwa mkwewe, akawekewa chakula, akakisukuma pembeni. Kwetu, mama mkwe akikataa kula nyumbani kwako, vita na nchi jirani vinaweza kusubiri. Tume ikaundwa. Ikakaa miezi tisa kama mimba, na kama mimba ikatoa kitu ambacho tangu kizaliwe hatujalala: Mwongozo wa Mawasiliano ya Staha Barabarani, kurasa mia mbili na kumi na mbili. Kwenye jalada kuna picha ya askari na dereva wamekumbatiana katikati ya mzunguko wa barabara. Nyuma yao ukitazama vizuri utaona foleni.

*

Kwanza filimbi zilikusanywa, maana mtu mzima hapigiwi filimbi. Filimbi ni ya mpira na ya mbwa. Kisha mkono wa kusimamisha magari ukapigwa marufuku, kwa kuwa kumwonyesha mtu mzima kiganja ni kumnyima njia. Askari anayetaka gari lisimame sasa anaweka mkono kifuani, anainama kidogo, anatabasamu. Gari lililo kwenye mwendo wa tisini linapita. Lakini linapita likiwa limeheshimiwa.

Likisimama (na mara moja moja magari husimama, hasa yakiharibika), mdogo kati ya askari na dereva anamwamkia mkubwa. Baada ya shikamoo zinafuata habari nane: za nyumbani, za watoto, za mama watoto, za wazazi, za kazi, za shamba, za afya na za safari. Habari ya nane ikishajibiwa, ndipo kosa linaruhusiwa kutajwa. Nalo haliitwi kosa. Dereva aliyekimbiza gari anaambiwa, "Umewahi kuliko tulivyokutarajia." Asiye na leseni anaambiwa, "Leseni yako haikujaliwa kufuatana nawe." Aliyelewa amechangamka. Katika toleo la kwanza la Mwongozo lilikuwamo pia neno "naomba", lakini liliondolewa haraka, kwa sababu kila askari alipolitamka, madereva walipeleka mkono mfukoni, kwa mazoea ambayo mimi siyaelewi.

Mimi nakaa kando ya barabara kuu, ng'ambo ya chekechea anayosoma binti yangu Sikudhani. Ana miaka mitano kasoro miezi miwili, ila hapendi hiyo kasoro itajwe. Mbele ya chekechea pamechorwa milia myeupe ya kuvukia. Watoto wanaiita mkeka. Sheria ya mkeka ni ya zamani kuliko wizara: mtu akitaka kuvuka, gari lisimame. Madereva wetu wanaipenda sana milia ile. Wanasema imeichangamsha barabara.

Jumamosi moja lori la mchanga lilisimama hapo kwenye mteremko, dereva wake ashuke anunue muhogo wa kuchoma. Dereva huyo anaitwa Mzee Chilumba. Koplo Ngonyani, askari wa eneo letu, aliona tangu mbali kwamba mafuta ya breki yanadondoka. Akavuka mbio, akavuta pumzi, akaanza kazi.

"Shikamoo, mzee."

"Ah-ah, afande. Shikamoo wewe. Serikali ni mkubwa wangu."

"Mzee, mimi nimezaliwa mwaka wa mafuriko."

"Yapi? Ya kwanza au ya pili?"

"Ya pili."

"Basi mtoto mdogo kabisa. Marahaba."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Za watoto?"

"Wazima."

"Mama watoto?"

"Yuko kwao. Tumekosana."

Ukurasa wa thelathini unasema dereva akitoa habari ya huzuni, askari asiendelee mpaka amfariji. Koplo Ngonyani akavua kofia. "Pole sana, mzee. Mmekosana nini tena?"

"Afande, ni hadithi ndefu. Ilianza na blanketi."

Wakati blanketi linaelezwa, lori lilianza kusogea. Koplo aliliona. Mimi nilikuwa naanika nguo, nilimwona anavyoliona. Macho yalimtoka, jasho likamtoka, lakini mdomo ulikuwa wa serikali.

"Habari za wazazi, mzee? Za kazi? Za shamba? Za afya?"

"Mbona unanikimbiza, afande? Shamba salama, mvua tu. Na mbona unatazama nyuma yangu?"

Lori lilipita juu ya mkeka, likaingia kwenye ua wa chekechea, likavunja bembea, likatulia. Ilikuwa Jumamosi, Mungu mkubwa. Koplo alikuwa amebakiza habari moja.

Ripoti yake niliisoma, maana ilibandikwa chini ya mti wa matangazo: "Lori lilijisikia kupumzika. Mazungumzo kati ya askari na dereva yalikuwa mazuri hadi mwisho." Akapewa cheti.

*

Jumatatu nilimshika Sikudhani mkono tukasimama kwenye mkeka. Nikatazama kulia, kushoto, kulia tena, kama tulivyofundishwa. Tulipofika katikati gari dogo la kijivu likapita karibu nasi kiasi kwamba upepo wake ulinifunua kanga. Nilimvuta mtoto. Mtoto akaja, kiatu kikabaki. Gari la pili likapita juu ya kiatu.

Sikudhani alilia sana. Yeye alilia kiatu. Mimi nililia mguu uliokuwa ndani yake nukta moja kabla.

Koplo Ngonyani alikuwa upande wa pili, amesimama wima, mkono bado kifuani.

"Afande, umeona?"

"Nimeona, Mama Siku. Ila hatujaamkiana."

"Shikamoo."

"Marahaba. Habari za nyumbani?"

"Afande, kiatu!"

"Tutafika huko, mama. Habari za watoto?"

Nilimwekea kile kiatu mkononi, kikiwa bapa kama chapati. Akakigeuza. Akaangalia soli.

"Namba ngapi hii?"

"Ishirini na saba."

"Wa kwangu anavaa hiyo hiyo," akasema, kwa sauti ndogo ambayo haimo katika Mwongozo.

"Kwa nini hukumsimamisha?"

"Niliinama, Mama Siku. Niliinama mpaka kofia ikaanguka."

"Na gari lisiposimama kwenye milia, sheria inasema dereva afanyweje?"

"Akumbushwe."

"Atakumbushwaje naye hasimami?"

Koplo akanirudishia kiatu kwa mikono miwili, kama anakabidhi maiti. "Hapo ndipo Tume ilipofungia kikao wakaenda kula," akasema.

Nilimbeba Sikudhani mgongoni mpaka darasani. Njiani akaniuliza, "Mama, kesho tutavuka na kiatu kipi?"

*

Ninasoma kisomo cha jioni. Mwalimu wetu, Bi Zuwena, hutufundisha ufahamu kwa kutumia Mwongozo, kwa sababu ndicho kitabu pekee ambacho serikali ilikichapa kingi kuliko wasomaji. Nakala nyingine zinafungiwa vitumbua. Bi Zuwena ana msemo wake: "Soma mpaka nukta. Serikali huficha mambo kati ya mkato na nukta."

Jioni ile nilikuwa na kiatu ndani ya mfuko, nikafungua ukurasa wa mia moja themanini na nane. Sidhani kama tangu Mwongozo uchapwe kuna aliyewahi kufika huko. Kifungu cha arobaini na moja kilisema hivi:

"Mtumiaji yeyote wa barabara atakayepewa shikamoo na aliye mdogo kwake atasimama kabisa, na hataondoka mpaka awe ameitikia marahaba kwa sauti inayosikika. Atakayepita bila kuitikia atahudhuria semina ya maamkizi ya wiki tatu, bila ruhusa ya kutoka, itakayoendeshwa na Bibi Mashavu."

Nilisoma mpaka nukta. Nikarudi mwanzo.

"Mwalimu," nikasema, "'mtumiaji yeyote wa barabara' ni nani?"

Bi Zuwena akavaa miwani. "Nadhani walikusudia askari. Lakini neno 'askari' waliliona kali kwa sheria ya staha, wakalifuta kote." Akanitazama. Akautazama mfuko wangu. "Dereva ni mtumiaji wa barabara, Mama Siku?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na yupo dereva mdogo kuliko mwanao?"

Darasa zima lilicheka isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa nahesabu madereva wote wa Taratibu kichwani, na kweli, kila mmoja alikuwa mkubwa kwa Sikudhani.

*

Asubuhi iliyofuata watoto thelathini na saba walijipanga kandoni mwa mkeka, mabegi mgongoni, makamasi mahali pake. Koplo Ngonyani alikuwa amekisoma kifungu mara nne, na mara ya nne aliketi chini. Bi Zuwena alikuwa amekibandika chini ya mti wa matangazo tangu usiku, na habari za semina zilikwishawafikia madereva.

Gari la kwanza kutokea lilikuwa lile lile dogo la kijivu. Nilimbonyeza Sikudhani begani.

"SHIKAMOOOO!"

Sijawahi kusikia breki zikilia kwa heshima namna ile. Kioo kikashuka. Ndani alikuwa kijana wa tai, uso umempauka.

"Nani kaniamkia?"

"Mimi," akasema Sikudhani.

"Marahaba. Marahaba, mwanangu. Nimeitikia, afande, umesikia? Andika kwamba nimeitikia!"

"Na mimi shikamoo," akasema mtoto wa pili.

"Marahaba."

"Na mimi."

Alipomwitikia wa thelathini na saba, kijana alikuwa ameshavua tai, na wa kwanza walikuwa tayari wamekaa darasani. Nyuma yake foleni ilifika kwenye mashine ya kusaga.

Watu waliogopa kifungu hicho kuliko jela. Mzee Chilumba, ambaye siku ya pili breki zilimkatalia akapita huku anapiga kelele "marahaba-marahaba-marahaba" dirishani, alihesabiwa hakusimama kabisa. Akapelekwa semina. Inasemekana Bibi Mashavu aliwaamsha alfajiri kila siku wamwamkie, asiitikie mpaka wapatie. Baada ya wiki tatu Mzee Chilumba alirudi amekonda, amepatana na mkewe, na kitu cha kwanza alichofanya ni kutengeneza breki.

"Si kwa ajili ya watoto," aliniambia, hajanitazama usoni. "Ni kwa ajili ya yule bibi."

"Sawa, baba," nikamwambia. "Hata mkeka haukuulizi kwa ajili ya nani."

Kwa wiki tano hakuna kiatu kilichobaki barabarani. Nilinunua kingine, na kwa mara ya kwanza nilinunua kikubwa kidogo, cha kukulia.

*

Ukawadia msafara wa Waziri. Mheshimiwa Tindwa alikuwa anakwenda kufungua Wiki ya Staha, na kwa kuwa alichelewa, msafara wa magari kumi na moja ulikuja kwa mwendo wa king'ora. Msafara kwetu hausimami. Haujawahi. Watu husema hata ukipata pancha hupata huku ukienda.

Niliwahi mbio kuwazuia watoto, lakini mtoto hajui msafara. Mtoto anajua gari.

"SHIKAMOONI!"

Gari la king'ora lilisimama, bila shaka dereva wake alishapita kwa Bibi Mashavu. Yaliyofuata yakasogeleana, mengine yakagusana, yote kwa staha. Kisha kutoka gari la tano, lenye vioo vyeusi, ikasikika sauti ya kike.

"Tindwa! Husikii? Watoto wamekuamkia."

"Mama, msafara hausimami kwa—"

"Msafara una miguu? Mwenye miguu ni wewe. Wewe, shuka!"

Aliambiwa "wewe" mara mbili mbele ya umma, na kwa taarifa yangu hakuna tume iliyoundwa.

Waziri akashuka, akarekebisha koti, akasema marahaba moja kubwa ya jumla. Sikudhani akatikisa kichwa. "Hiyo ni yangu. Hawa bado."

Akaitikia zote thelathini na saba, Bibi Mashavu akihesabu dirishani kwa vidole. Kwa kuwa tayari amesimama na watu wamekusanyika, Mheshimiwa aliona asiipoteze nafasi. "Ndugu wananchi na wananchi wadogo," akaanza, "serikali yangu sikivu, yenye masikio mapana na mikono minyoofu, imejenga misingi madhubuti ya uvukaji endelevu, uvukaji jumuishi, uvukaji wenye dira—"

"Babu," akasema Sikudhani, "tuvuke?"

Umati uliangua kicheko. Nadhani shikamoo angeisamehe. Ni "babu" iliyotuponza.

Jioni redio ikasoma Waraka wa Kudhibiti Shikamoo Holela Barabarani. Kuanzia kesho yake, kila anayetaka kumwamkia mtu barabarani awe na kibali. Fomu iwe na picha mbili, alama ya dole gumba la kushoto, na barua ya atakayeamkiwa, akikiri kwamba yuko tayari. Fomu zenyewe zitachapwa mwakani.

*

Asubuhi hiyo nilitaka Sikudhani abaki nyumbani. Alikataa. Ilikuwa zamu yake kumwagilia maharage ya darasani, na maharage hayaelewi waraka.

Tukasimama kwenye mkeka. Watoto walikuwa wameambiwa wote, walikuwa wamefunga midomo, wengine wameifunika kwa mikono kabisa. Nilimshika mwanangu mkono kwa nguvu mpaka akalalamika. Koplo Ngonyani alisimama ng'ambo, hana filimbi, hana kiganja, na sasa sisi hatuna shikamoo.

Juu ya mteremko likatokea lori la mchanga.

Sikudhani alinitazama. Hakusema neno, maana ni mtoto anayeheshimu redio. Aliinua tu mkono wake mmoja juu, ule usioshikwa, na kukanyaga mlia wa kwanza.

Nilimwona Koplo upande wa pili. Mkono wake uliondoka kifuani. Ukapanda polepole, ukafika usawa wa sikio, kiganja wazi, mbele ya watu wote, kama zamani. Kwa kosa hilo kazi inakwisha. Lori lilikuwa linakuja.

Likapunguza. Likapunguza tena. Likasimama kabla ya mkeka, mbali kidogo kuliko inavyohitajika. Mzee Chilumba akatoa kichwa dirishani.

"Marahaba," akasema.

Koplo alimkaribia, kiganja bado kiko hewani amekisahau. "Mzee, hawajakuamkia. Wamekatazwa. Hukuwa na lazima ya kusimama."

"Najua, redio ninayo."

"Sasa umesimamia nini?"

Mzee Chilumba alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. Akaonyesha kwa kidevu, pale chini, mbele ya bampa, ambapo kiatu kipya cha namba ishirini na nane kilikuwa kinachagua mlia wa kukanyaga.

"Si nimemwona?"

Watoto wakavuka wote, kimya, bila kibali. Koplo akashusha mkono, akakumbuka kazi yake, akauliza habari za mama watoto. Mzima, alijibiwa, amerudi na blanketi.

Tangu siku ile nimeupitia Mwongozo kuanzia jalada hadi jalada, mpaka kila nukta, nikitafuta kifungu kinachozungumzia kumwona mtu. Hakimo. Nakuomba nawe uliyesoma hadi hapa usiitaje habari hii karibu na wizara. Wakisikia, wataiundia tume.